Mapipa Sita ya Cova da Perdiz

Vilar da Fraga, 14 Novemba 2001

Mdogo wangu Zulmira,

Salamu kutoka kwangu na kwa Umbelina. Sisi wazima. Natumaini Lourenço anaendelea vizuri tangu ule ugonjwa wa kupooza, na kwamba mguu wake umeanza kumtii kidogo.

Dereva wa gari la vifurushi atakuletea sanduku. Juu kuna soseji za Umbelina na mkate wa mahindi. Chini kuna chupa kumi na mbili za divai ya mwaka tisini na saba. Hizo zilaze kwenye chumba cha chini cha jengo lenu, penye giza na baridi isiyobadilika, usizisumbue. Halafu kuna chupa sita ndogo nimezifunga kwa magazeti. Hizo ndizo ninazotaka uzionje. Nimeziandika namba kwa chaki, kila moja imetoka kwenye pipa lake. Zote ni mavuno ya mwaka jana, zabibu za kipande cha Cova da Perdiz peke yake, ile mizabibu mizee ya Babu.

Kuna bwana mmoja wa Porto anaitwa Quintela, anapeleka divai nzuri nchi za nje. Alikuja mwezi uliopita na viatu vya mjini, akapanda ngazi zote za shamba mpaka juu, akaishika mizabibu kama anaubusu mkono wa askofu. Anasema mizabibu ya miaka tisini, aina ishirini na kitu zimechanganyika kwenye mstari mmoja, hakuna mtu anayepanda hivyo tena. Anataka tuache kuwauzia zabibu watu wa divai tamu. Tutengeneze divai yetu, nyekundu, yenye jina la shamba letu kwenye chupa. Kwa hiyo ni lazima nichague mapipa gani yaingie na kwa kiasi gani.

Usifikiri nimeshindwa. Ni mchezo tu. Nimekumbuka Baba alivyokuwa akikusimamisha juu ya kigoda mbele ya mapipa, nataka nijue kama Paris imeiharibu pua yako. Andika kila unachokiona, usifupishe. Na usipige simu. Kwenye simu wewe unaongea mbio, mimi naambulia kelele.

Kaka yako,
Alípio


Paris, 2 Desemba 2001

Kaka Alípio,

Paris haijaniharibu pua, asante kwa kuuliza. Miaka thelathini na miwili nasugua ngazi za watu kwa dawa kali, na bado nikiingia mlangoni naweza kukuambia ghorofa ya nne wamepika nini.

Nilizifungua Jumapili baada ya misa. Lourenço alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akajipa kazi ya ushahidi. Kila nikisema neno anaitikia, "Andika hilo!" Basi nimeandika.

La kwanza: plamu nyeusi, na ukakasi unaokamata ulimi kama umelamba ubao. Halijakosea kitu, halijakomaa tu. La pili limechangamka, cheri za Juni, zuri leo, lakini mwakani litakuwa limechoka. La tatu, kaka yangu, hapo niliweka kalamu chini. Linanukia kanisa Jumamosi asubuhi, mishumaa iliyozimwa na maua ya wiki iliyopita, kabla Mama hajayatoa kwenye vyombo. Ukiliacha kwenye glasi nusu saa linabadilika, linakuja jiwe lililonyeshewa na mvua ya kwanza. Nilikunywa taratibu mpaka Lourenço akaniuliza, "Unasali?"

La tano na la sita ni mapacha, ila la sita lina chumvi kidogo mwishoni, na hiyo chumvi ndiyo inayokufanya urudie.

La nne limeharibika. Siki imeshaanza, na chini ya siki kuna harufu ya rangi ya kucha. Nashangaa hukuniambia. Litoe ghalani leo hii kabla halijayaambukiza mengine.

Zile kumi na mbili nimezilaza chini, nyuma ya baiskeli za wapangaji. Nimening'iniza kipimajoto ukutani. Niamini.

Nakubusu, wewe na Umbelina.
Zulmira


Vilar da Fraga, 20 Januari 2002

Zulmira,

Nimeipata barua. Umeona vizuri. La nne nilijua, nilitaka tu kukupima. Nimeshalitoa.

Sasa nitajie viwango. Kama ungekuwa wewe, ungeweka la tatu kiasi gani? La pili liingie au lisiingie? Nimekutumia tena chupa za mapipa matano ili uchanganye mwenyewe, uandike vipimo. Mimi nina vyangu, nataka tulinganishe.

Hapa baridi ni kali na tunapogoa. Umbelina ameninunia. Jana alirudi kutoka kulisha kuku, akakuta jiko la gesi limeachwa wazi bila moto, na mimi nimekaa pale pale nasoma gazeti. Akafungua madirisha yote, anafoka, "We mwanamume, unataka kunizika na aproni yangu?" Nilikuwa nawaza mambo ya mapipa. Na kichwa kinanisumbua kidogo, ni upepo wa mtoni.

Jibu mapema.
Alípio


Paris, 9 Machi 2002

Kaka Alípio,

Tumechanganya jikoni kwa kile kikombe cha kupimia dawa za Lourenço. Tumejaribu mara kumi na moja. Vipimo vyangu ni hivi: la tatu sehemu nne, la kwanza sehemu mbili, la sita mbili, la tano moja. La pili usiliweke kabisa, linyweni nyumbani. La kwanza litaifanya ngumu mwanzoni na watu watalalamika. Waache walalamike. Bila huo ukakasi haitafika miaka ishirini, na mizabibu ile haikuzeeka vile ili inywewe haraka haraka kwenye baa.

Sasa nikuulize. Mbona unaniandikia kama mtu anayeuliza njia nyumbani kwake? Umesema una vipimo vyako, hukuvitaja hata kimoja. Unaniogopa?

Nakutania. Ila nikiwa na glasi hizi mezani, mengine yanakuja yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, funguo za ghala ziko kiunoni mwangu, wewe uko vitani Guinea. Uliporudi, haukupita mwezi, Baba akaamua niende kwa Shangazi Paris. Sikumuuliza. Alinisindikiza mpaka njia panda, akasema tu, "Jifunike, kuna upepo." Hakujua kuandika, na mimi sikujua niandike nini kwa mtu atakayesomewa na kasisi. Kukukasirikia wewe sijawahi. Lakini yule mzee sijawahi kumwelewa, kwamba mtu anaweza kumfundisha mtoto kazi miaka kumi, halafu akamtoa kama kiti kilichozidi.

Haya, yamepita. Nijulishe divai itakapoingia kwenye chupa.

Zulmira


Paris, 18 Oktoba 2003

Alípio,

Miezi yote hii nilikuwa nasubiri barua yako. Nilipata kadi mbili za Krismasi na Pasaka, zote mwandiko wa Umbelina. Leo nimeelewa kwa nini.

Nimepita duka la divai mtaa wa nyuma, nikaona chupa dirishani: Cova da Perdiz. Nikaingia na gauni langu la kazi. Mwenye duka akaniambia, "Mama, hiyo ni ya Ureno, bora kabisa, mizabibu mizee. Hiyo unailaza miaka ishirini."

"Naijua," nikamwambia. "Nimezaliwa hapo."

Akacheka kwa adabu. Akaigeuza chupa, akanisomea lebo ya nyuma: "Inanukia kanisa Jumamosi asubuhi, mishumaa iliyozimwa na maua ya wiki iliyopita." Akasoma na chumvi. Akasoma na jiwe la mvua. Halafu akasoma: "Imeonjwa na kuchanganywa na Alípio Seixas." Akaniambia, "Huyu si mkulima tu, huyu ni mshairi."

Nimeinunua. Nimeionja. Ni vipimo vyangu, sehemu kwa sehemu. Hukubadilisha hata tone.

Sikutaka kitu kutoka kwako. Herufi saba tu pale nyuma, Zulmira, nafasi ilikuwepo. Au basi barua moja ya kusema, dada, nimetumia maneno yako. Uliniambia ni mchezo. Nimecheza kwenye meza ya jikoni na kikombe cha dawa cha mgonjwa wangu, kumbe wewe hukuwa unacheza.

Baba alinitoa ghalani mara moja. Wewe umenirudisha kwa hila, ukanitoa mara ya pili.

Usinitumie chupa tena.
Zulmira


Vilar da Fraga, 30 Oktoba 2003

Zulmira,

Maneno ni maneno, kila mtu anayo. Shamba nimelilima mimi. Ulipokuwa Paris mimi ndiye niliyejenga upya kuta zilizobomoka na kuvuna kwenye jua la nyuzi arobaini. Lebo ni kazi ya Bwana Quintela.

Kama unaona nimekuibia, basi.

Alípio


Vilar da Fraga, 8 Februari 2004

Wifi yangu Zulmira,

Alípio hajui kwamba naandika. Nimemwambia naenda kwa fundi cherehani, niko hapa sebuleni kwa jirani yetu Dona Ermelinda na kalamu yake. Niliapa mbele ya Bikira Maria kwamba sitasema. Nimeshamwomba Bikira anifungue kiapo.

Kaka yako hasikii harufu, wifi. Hata moja. Ni mwaka wa nne huu.

Mimi nilijua kabla hajaniambia. Alianza kuniuliza, "Leo umepika nini?" wakati kitunguu saumu kinanukia mpaka barabarani. Akawa anakinusa kizibo, anatikisa kichwa, anasema "nzuri", kila chupa nzuri, hata ile iliyochacha niliyotaka kuitia kwenye saladi. Siku moja nikamletea glasi ya divai ya pipa la nne, ile iliyokuwa imeanza kuwa siki. Akainusa, akaizungusha, akasema nzuri. Nikamwambia, "Alípio, hiyo ni siki." Akakaa kwenye ngazi ya ghala, akajifunika uso kwa kofia. Akaniambia, "Yeyote mwingine ajue. Zulmira asijue." Nikamwuliza kwa nini wewe hasa, uliye damu yake. Akainuka, akarudi ndani kwa mapipa.

Ndipo akaanza na zile chupa za chaki. Barua zako alizisoma amesimama mle ghalani, na penseli, akazikariri kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Bwana Quintela alipokuja, akazisema zote kutoka kichwani. Yule bwana akafungua daftari akaandika. Alípio hakujua kwamba yatakwenda kwenye lebo. Yalipokuja yamechapwa angeweza kusema. Hakusema. Hilo sitamtetea.

Baada ya ile barua yako ya Oktoba hajaingia tena ghalani. Divai ya mwaka jana iko kwenye mapipa, namwita mtoto wa Dona Ermelinda, mwalimu yule, anisaidie kuyajaza yanapopungua.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike. Mwezi uliopita alianguka kutoka kwenye ukuta wa shamba. Hakuuona ukingo. Tulimpeleka Porto, wakampiga picha kichwani. Ana uvimbe nyuma ya kipaji cha uso, mkubwa kama limau. Ulianza kwenye mishipa ya harufu, sasa umeyafikia macho. Daktari, msichana mpole, akamwuliza, "Tangu lini husikii harufu?" Kaka yako akanitazama mimi. Nikajibu mimi: tangu mavuno ya elfu mbili. Yule binti akasema, "Ungekuja wakati ule," kisha akaanza kupanga karatasi zake.

Watampasua mwezi wa tano. Mwandikie, wifi. Usimwambie nimekuambia. Au mwambie, nimechoka.

Umbelina


Paris, 22 Februari 2004

Kaka yangu mpumbavu,

Umbelina ameniambia. Usimkasirikie, la sivyo nitakuja kwa miguu.

Nimesoma tena barua zako zote. Jiko la gesi. Kichwa na upepo wa mtoni. Pipa la nne, "nilitaka kukupima". Vyote vilikuwa mbele yangu, na mimi ninayejisifia pua sikuhisi kitu. Mimi nasafisha pia kwenye kliniki mara tatu kwa wiki, Alípio. Ungeniambia tu, "Zulmira, sisikii harufu," ningemkamata daktari pale koridoni na ndoo mkononi. Ungeniambia mwaka ule ule. Ulijificha kwa sababu gani? Kwamba nitacheka? Haya, ningecheka siku moja. Siku ya pili ningekutafutia daktari.

Ile lebo nimeisahau. Si kweli, sijaisahau, lakini nimeiweka pembeni.

Jana nimeteremka chini nikachukua chupa moja ya tisini na saba. Nilisubiri mashapo yatulie, nikaimimina polepole. Sitakuambia inanukia nini. Nimeziba pua yangu kwa kibanio cha nguo, Lourenço alikaribia kuanguka kwenye kiti kwa kucheka, nikainywa kama wewe unavyoinywa. Nataka kukuambia nilichokikuta. Uchachu uko pembeni mwa ulimi, unachuruzisha mate. Ukakasi umelainika, umekaa kwenye ufizi kama vumbi la unga. Halafu joto, linashuka kooni taratibu na kukaa kifuani muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Uzito wake mdomoni unaujua. Hivyo vyote bado ni vyako, havijachukuliwa. Chukua chupa moja, ifungue na Umbelina, uishike divai mdomoni uhesabu mpaka kumi. Kisha uniandikie, wewe, kwa maneno yako.

Nakungoja.
Zulmira


Vilar da Fraga, 26 Aprili 2004

Mdogo wangu,

Naandika herufi kubwa kwa sababu jicho la kushoto limeshazimika na la kulia linaona kama kupitia tundu la ufunguo. Umbelina alitaka nimtajie maneno aandike yeye. Haya siwezi kumtajia.

Nimefanya ulivyosema. Nimeifungua, nimehesabu mpaka kumi. Uchachu upo. Joto lipo. Nilikaa mle ghalani mchana kutwa, mara ya kwanza tangu Oktoba.

Umeuliza nilijificha kwa sababu gani. Sikuogopa kucheka kwako. Nitakuambia, kwa sababu tarehe kumi na mbili wananifungua kichwa na sitaki daktari akute jambo hili humo.

Nilirudi kutoka Guinea mwezi wa pili, sitini na tisa. Usiku silali, mchana nashtuka mlango ukigonga. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniweka hai kule: kwamba nitarudi, Baba atanipa funguo. Nikarudi nikazikuta kiunoni mwako. Na wewe ulikuwa hodari. Nilikusikia unamwambia Baba, "Hili lisubiri, hili litoke," na yeye anakutii, yule mzee ambaye hakuwahi kumtii mtu.

Barua ya Shangazi ilikuja mwezi wa tatu, anatafuta msichana wa kumsaidia kazi Paris. Kasisi alimsomea Baba. Tulikuwa tunarudi kutoka kanisani, wewe umetangulia na Mama. Baba akaniuliza, "Zulmira atapenda kwenda? Mimi sitaki aende. Lakini kama moyo wake uko huko, sitamfunga kamba." Nikamwambia, "Anataka sana, Baba. Ananiambia kila siku. Anaogopa tu kukuudhi."

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Na wewe, kesho yake, nilikukuta unaosha chupa. Nikakuambia Baba ameshaamua, unakwenda, na usimlilie kwa sababu utamtia aibu. Ulinitazama ukasema, "Amesema hivyo?" Nikasema, "Amesema." Hukulia. Na yeye hakulia. Nilisimama mlangoni nikawaona mnashuka mpaka njia panda, kila mmoja anamtunzia mwenzake adabu.

Aliponipa funguo alisema, "Chukua, mwenyewe hazitaki." Mpaka anakufa, sabini na nne, kila akionja alikuwa anasema, "Sijui Zulmira angesemaje." Sikumwambia.

Kwa hiyo harufu ilipoondoka, nilijua kinachochukuliwa ni kile nilichokuibia wewe. Ningeweza kumwambia mtu yeyote duniani isipokuwa wewe. Na sikuwa na mtu mwingine wa kumwomba isipokuwa wewe.

Sikuombi kitu.
Alípio


Paris, 15 Mei 2004

Alípio,

Barua yako nimeisoma mara moja. Lourenço alinikuta nimekaa nayo mezani, akauliza nani amekufa. Nikamwambia, "Baba." Akasema, "Mke wangu, baba yako alikufa sabini na nne." Nikamwambia, "Hapana. Amekufa leo asubuhi."

Sikuja kumzika. Unakumbuka? Mliandika, na nauli nilikuwa nayo. Nilimjibu Mama kwamba nina kazi. Nilikaa Paris siku ile ya mazishi yake nikapiga pasi mashuka ya watu, nikajiambia, alinitoa, na mimi simfuati. Miaka thelathini na tano nimemchukia mzee wa watu aliyeniambia nijifunike kwa sababu kuna upepo. Hakuwa na maneno mengine. Alikuwa anafikiri nafurahia kuondoka.

Sijakusamehe. Siandiki hivi kwa hasira, hasira ilikwisha Jumatano. Nimetafuta ndani yangu mahali pa kukusamehea na sijapaona. Ungeninyang'anya shamba ningekuachia. Ulininyang'anya baba, na yeye ukamnyang'anya mimi, na hatukujua.

Najua ulikuwa na miaka ishirini na minne na vita kichwani. Najua. Kujua hakujanisaidia.

Umbelina amepiga simu kwamba upasuaji umekwenda vizuri na unapumua mwenyewe. Nimewasha mshumaa, kwa hiyo usiniulize nataka nini. Pona. Nitakuja Agosti, nimeshampata mtu wa kumwangalia Lourenço. Utakaa kwenye kiti, nitakupigia kelele siku tatu mfululizo mpaka Dona Ermelinda asikie. Siku ya nne tutaingia ghalani, nitakuonjea mapipa yote, moja moja.

Zulmira


Vilar da Fraga, 1 Juni 2004

Wifi yangu Zulmira,

Kwenye simu nilikuambia tu ameondoka, na saa ya maziko, na kwamba usijilaumu kwa kutowahi, huku kwetu haturuhusiwi kumweka mtu muda mrefu. Mengine sikuweza kuyasema huku nimeshika simu, na majirani wamejaa jikoni.

Nilikuambia upasuaji umekwenda vizuri. Ndivyo walivyoniambia. Siku ya nne damu ikavuja ndani. Baada ya hapo hakusema tena. Alikuwa ananisikia. Ukimwuliza kitu anakubana mkono, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Macho hayakuwa na kazi tena.

Barua yako ilifika Alhamisi. Sikuifungua, imeandikwa jina lake. Nilipanda basi nayo mpaka Porto, nikakaa kitandani kwake mchana, nikamwuliza, "Ni ya Zulmira. Nikusomee?" Akanibana mara moja, kwa nguvu, mpaka pete ikaniumiza.

Nikasoma. Pale pa Lourenço, pale uliposema Baba amekufa leo asubuhi, alianza kutoa sauti kooni. Nikataka kuacha. Nikamwuliza niendelee? Akabana mara moja. Nikasoma mashuka na pasi. Nikasoma upepo. Sikuwa najua, wifi, hayo mambo ya sitini na tisa. Nilikuwa ndiyo kwanza nayajua pale pale, mstari kwa mstari, sauti yangu yenyewe ndiyo inayoniambia nimeishi na nani.

Halafu nikafika pale. Macho yaliona kabla ya mdomo. "Sijakusamehe." Nilimtazama. Wamemnyoa kichwa chote, ana mshono kutoka sikio mpaka sikio, uso umevimba hata mama yake asingemtambua, na amegeuzia sikio lake kwangu, anangoja.

Nikasoma, "Nimekusamehe."

Nikaruka mistari yote iliyofuata mpaka Agosti. Nikamsomea kelele za siku tatu. Nikamsomea mapipa, moja moja. Alibana mkono wangu, hakuachia. Machozi yalimtoka, kisha akalala, na ule usingizi ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo, nimeishi naye miaka thelathini, naujua usingizi wake. Hakuamka vizuri tena. Jumapili alfajiri wakanipigia.

Nimeyaweka mdomoni mwako maneno ambayo hukuyasema. Ulikuwa na haki ya kuandika ulichoandika, mimi ningeandika kibaya zaidi. Kasisi nimemwambia, akasema si dhambi kubwa. Lakini si yeye aliyeandikiwa barua ile, wala si yeye aliyeiandika, kwa hiyo jibu lake halinitoshi. Ningeweza kunyamaza, usingejua kamwe. Nyumba hii imenyamaza vya kutosha.

Kama hutaki kuja tena Agosti nitaelewa.

Umbelina


Paris, 9 Juni 2004

Wifi yangu Umbelina,

Sitangoja Agosti. Nitafika Jumamosi ya tarehe kumi na tisa kwa basi la asubuhi, na Lourenço nakuja naye. Mwombe yule mwalimu, mtoto wa Dona Ermelinda, na mwenzake mmoja wawepo kituoni, kiti cha magurudumu ni kizito na mlima wenu naujua.

Bwana Quintela akija kuuliza divai ya mwaka jana, mwambie asiguse pipa lolote mpaka nifike. Yajaze mpaka mdomoni, usiache nafasi ya hewa, na mlango wa ghala ubaki umefungwa wakati wa joto. Nitataka kuliona kaburi la Baba kwanza, kabla ya la Alípio. Usinisindikize huko. La Alípio tutakwenda pamoja.

Na kuhusu ile barua, wifi. Ulisoma sawa.

Zulmira